Wget, curl au aria2c? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupakua mafaili kwa terminali ya Linux

Maswali haya huja wiki ya kwanza baada ya mtu kuweka Linux kwenye laptop yake, mara nyingi akiwa ametoka kupoteza faili kubwa lililofika asilimia tisini na ushei. Anayejibu analipia bando lake mwenyewe, kwa hiyo usishangae ukiona kasi inawekwa nafasi ya pili kila mahali. La kwanza ni kutolipia baiti zilezile mara mbili. Wget, curl na aria2c zote ni programu za kupakua kwa kuandika amri, na kila panapoandikwa KIUNGO weka anwani ya faili lako.

Nina haraka. Niambie nitumie ipi.

Wget. Kama faili ni moja, ni kubwa, na mtandao wako unakatikakatika, andika hivi kisha ukalale:

`wget -c --tries=0 --read-timeout=30 --retry-on-host-error KIUNGO`

Curl uwe nayo kwa ajili ya skripti na kuongea na seva. Aria2c isakinishe siku utakapokutana na torenti (faili linalovutwa vipandevipande kutoka kompyuta nyingi), au na seva inayokupimia data kwa kijiko.

Kwa nini nisitumie kivinjari tu?

Kwa faili la MB 5 tumia kivinjari, wala usijisumbue. Matatizo huanzia kwenye gigabaiti.

Mara ya kwanza nilipopakua DVD ya Debian (mojawapo ya mifumo ya Linux), karibu GB 4, nilianza saa sita usiku bando la usiku lilipofunguka. Saa kumi alfajiri umeme ukakatika. Laptop ilikuwa na betri, ila ruta haikuwa nayo. Umeme uliporudi, kivinjari kilikuwa kimeandika kwamba upakuaji umeshindikana, na pembeni kuna kitufe cha kujaribu tena. Nikabonyeza. Namba ikarudi sifuri, na bando lilikuwa limebakiza saa moja.

Vivinjari vya siku hizi vinaweza kuendelea pale vilipoishia, lakini si kila mara, na havitaamka saa kumi usiku kujaribu tena bila wewe. Halafu kuna kompyuta zetu za mtumba zenye RAM ya GB 2, ambazo kivinjari peke yake kinazipigisha magoti. Wget inakula kumbukumbu kidogo sana, unaweza kuisahau kabisa ikifanya kazi.

Hiyo "kuendelea pale ilipoishia" inafanyikaje?

Programu inatazama ukubwa wa kipande ulichonacho, tuseme baiti 1,200,000,000, kisha inaiambia seva: nipe kuanzia hapo. Seva inayokubali hujibu kwa namba 206 na kutoa kilichobaki. Isiyokubali hujibu 200 na kuanza faili upya tangu mwanzo. Ndiyo maana kabla ya kuanza kitu kikubwa mimi hupima kwanza:

`curl -sIL KIUNGO | grep -iE 'accept-ranges|content-length'`

Ukiona `accept-ranges: bytes`, lala salama. Content-length ni ukubwa wa faili kwa baiti, na ni vizuri kuujua kabla bando halijakufahamisha. Usipoona kitu, haimaanishi kila mara kwamba seva imekataa, lakini anza ukiwa macho.

Kwenye wget kinachowasha uwezo huu ni `-c`. Ukiisahau ukirudia amri, wget haiendelei wala haifuti la zamani. Inaanza faili jipya lenye `.1` mwishoni, halafu `.2`. Nimeona folda ya mtu aliyekuwa akipakua ISO, yaani nakala ya diski ya kusakinishia mfumo, ina `ubuntu.iso`, `ubuntu.iso.1` hadi `ubuntu.iso.4`, yote vipande, na bando la mwezi limekwisha. Dawa yake: angalia kipande kipi kikubwa kwa `ls -l`, kibakize hicho kwa jina lake la asili, futa vingine, kisha rudia na `-c`.

Tahadhari moja. `-c` inaamini kwamba faili la kwenye seva ni lilelile la jana. Kama ni toleo linalotengenezwa upya kila siku chini ya jina lilelile, utaunganisha nusu ya jana na nusu ya leo, na ukubwa utalingana kabisa na ule unaotarajiwa. Kwa mafaili ya aina hiyo tafuta kiungo chenye tarehe au namba ya toleo ndani yake.

Wget yangu "inaganda". Haipakui, haisemi kitu, haifi.

Huenda inasubiri. Kwa kawaida wget hungoja sekunde 900 bila kupokea hata baiti moja kabla ya kuamua kwamba laini imekufa. Hiyo ni robo saa. Kwenye modemu inayoganda kila baada ya dakika kumi, usiku mzima unaishia kwenye kungoja. Ndiyo kazi ya `--read-timeout=30` kwenye amri ya juu: nusu dakika ya ukimya, inakata na kuunganisha upya.

Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania na majirani ikazorota, hali ilikuwa hiyohiyo: laini haijafa, lakini haiendi. Bila kipimo cha muda, programu inakaa inatazama ukuta.

Tatizo la pili ni kinyume chake, yaani kukata tamaa mapema. Wengi huamini `--tries=0`, yaani jaribu bila kikomo, inatosha. Haitoshi. Modemu ikizimika kabisa, wget inashindwa hata kutafuta anwani ya seva, inaandika `unable to resolve host address`, na kwa hilo inajitoa papo hapo hata kama uliiambia ijaribu milele. `--retry-on-host-error` ndiyo inayoifundisha subira. Ipo kwenye matoleo ya miaka ya karibuni. Kama yako inaikataa, tumia kitanzi cha ganda (shell, programu inayosoma amri zako kwenye terminali):

`until wget -c --read-timeout=30 KIUNGO; do sleep 20; done`

Kiungo kikiwa na kosa la herufi, kitanzi hicho kitazunguka mpaka ukisimamishe kwa Ctrl+C. Kitazame dakika ya kwanza.

Niliandika curl na kiungo, skrini ikajaa takataka.

Umefanya kile curl ilichoumbiwa. Kazi yake ya asili ni kumwaga data kwenye skrini au kwenye programu inayofuata. Kuhifadhi faili ni jambo la kuomba. Matoleo mapya yanakuonya kabla ya kumwaga data isiyo maandishi. Kama herufi za terminali zimeshageuka michoro, andika `reset` ubonyeze Enter hata kama huoni unachoandika.

Kwa faili, kwenye curl unahitaji herufi nne:

`curl -fL -C - -O KIUNGO`

`-O` inahifadhi kwa jina lilelile la kwenye kiungo. `-L` inafuata pale seva inapokuelekeza kwingine. Bila hiyo unapata kijifaili kidogo kinachosema kwamba kitu kimehamia kule. `-C -`, pamoja na kistari kilichosimama peke yake, ndiyo kuendelea ilipoishia. Na `-f` inaifanya curl ikiri kushindwa seva inapojibu 404, yaani faili halipo. Usipoiweka, curl inahifadhi ukurasa wa kosa ndani ya faili lako la `.iso` na kuondoka ikiamini imefanikiwa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya skripti za wanaoanza kuvunjika. Kuna pia `wcurl`, skripti ndogo inayokuja na curl za siku hizi na kukuwekea mengi ya hayo yenyewe.

Basi curl ina faida gani? Kila kitu kisichokuwa kupakua tu: kutuma fomu, kuita API ya malipo, kuona vichwa vya majibu ya seva, kupandisha faili. Mswidi Daniel Stenberg aliianza kwenye miaka ya tisini akitaka viwango vya kubadilisha fedha kwa ajili ya watu wa chaneli yake ya IRC, mfumo wa zamani wa gumzo. Jina la curl lilikuja mwaka 1998. Ukikumbuka chanzo hicho, tabia zake zinaeleweka: ni bomba, na bomba halichagui ndoo ya kumwagia maji. Wget, iliyotoka mwaka 1996 kwa mkono wa Hrvoje Nikšić, iliandikwa kwa ajili ya laini mbovu, na inaonekana.

Rafiki yangu anasema aria2c ni ya kasi mara tano. Kweli?

Inategemea kinachokubana ni nini. Aria2c inaweza kufungua miunganisho kadhaa kwa faili moja na kuvuta vipande tofauti kwa wakati mmoja:

`aria2c -c -x 4 -s 4 KIUNGO`

Kama kinachokubana ni mnara wa simu wenye watu wengi, au kasi uliyouziwa, miunganisho minne itagawana kilekile ambacho mmoja ungepata. Hakuna muujiza. Lakini kama seva iko Ulaya, safari ya kwenda na kurudi inazidi milisekunde 100, na pakiti zinapoteapotea njiani, muunganisho mmoja hupunguza mwendo kila pakiti inapopotea na kupanda tena polepole. Hapo minne inasaidia kweli, kwa sababu mmoja ukijikwaa watatu wanaendelea. Vilevile kwa seva inayoweka kikomo kwa kila muunganisho.

Usiweke `-x 16` kwa sababu tu ndiyo namba ya juu inayokubalika. Seva za programu huria nyingi zinaendeshwa na vyuo na watu wa kujitolea, na baadhi hufungia anwani inayofungua miunganisho mingi. Nne zinatosha.

Ninachokipenda zaidi kwa aria2c si hicho. Ni kwamba unaipa viungo viwili vitatu vya faili lilelile kutoka seva tofauti kwa amri moja nayo inavuta kote, na kwamba inaelewa torenti. Debian na Ubuntu hutoa torenti rasmi za ISO zao. Torenti inakagua kila kipande kinapofika, kwa hiyo kipande kilichoharibika kinavutwa upya peke yake badala ya kugundua kasoro mwishoni baada ya GB 4.

Mtego wake uko kwenye `ls`. Aria2c hutenga nafasi yote ya diski mwanzoni, kwa hiyo `ls -l` itakuonyesha faili la GB 4 kamili dakika moja baada ya kuanza. Pembeni yake kuna faili dogo lenye jina lilelile na `.aria2` mwishoni. Maadamu hilo dogo lipo, kazi haijaisha. Wapo wanaolifuta wakidhani ni uchafu, na hapo ndipo kumbukumbu ya kilichobaki inapopotea.

Bando langu ni la usiku. Nitapangaje lianze lenyewe?

Fanya hesabu kwanza. GB 4 kwa kasi ya KB 200 kwa sekunde ni sekunde 20,000, yaani saa tano na nusu. Ukianza saa sita kamili usiku utamaliza karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kama bando linafungwa saa kumi na moja, gawanya kwa siku mbili. `-c` ipo kwa ajili hiyo. Kumbuka pia wauzaji wa intaneti wanahesabu kwa biti na programu hizi zinahesabu kwa baiti: KB 200 kwa sekunde ni kama Mbps 1.6.

Halafu:

`echo "wget -c --read-timeout=30 --tries=0 KIUNGO" | at 00:05`

Amri ya `at` haijui saa za Kiswahili. Ukiandika 06:05 ukimaanisha saa sita na dakika tano usiku, itaanza asubuhi kwa bei ya mchana. Nalisema kwa uchungu. Na kiungo chenye alama ya `&` kifunge ndani ya nukuu moja-moja, la sivyo ganda litakikata katikati.

Laptop nayo isilale. Kama unaanzisha kwa mkono, tanguliza `systemd-inhibit` mbele ya amri ya wget.

Kubana kasi ili wenzako nyumbani nao wapate ni `--limit-rate=200k`, kwa wget na curl vilevile. Lakini usitegemee `-Q` ya wget kulinda bando: kikomo hicho kinafanya kazi kwenye orodha ya mafaili, si kwenye faili moja. Ukisema `-Q100m` na faili ni GB 4, GB 4 zote zitashuka.

Limeshuka lote. Naweza kulichoma kwenye flashi?

Bado. Pakua na faili la SHA256SUMS, lenye namba za kukagulia faili lako, kutoka folda ileile, kisha:

`sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS`

Unatafuta neno `OK`. Kama ISO ya GB 4 ina ukubwa wa KB 11, huhitaji hata kukagua. Andika `file jina.iso` na yaelekea utaambiwa ni HTML. Umepakua ukurasa wa kuingilia wa Wi-Fi ya hoteli au ya mgahawa. Fungua kivinjari, ingia, futa kijifaili kile, anza tena.

SHA256 inakuhakikishia tu kwamba faili halikuharibika njiani. Haikuambii kama aliyeliweka pale ni mwenyewe. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilivamiwa, na waliopakua toleo la 17.3 Cinnamon kupitia viungo vya siku ile walipewa ISO yenye mlango wa nyuma. Anayeweza kubadilisha kiungo anaweza kubadilisha na namba za ukaguzi zilizoandikwa ukurasa huohuo. Ndiyo maana Debian huweka pia saini ya GPG, ya kuthibitisha nani aliyeitoa, pembeni ya SHA256SUMS. Kukagua saini ni hatua mbili zaidi. Kwa mfumo mzima wa kompyuta ninazifanya; kwa picha ya kuweka nyuma ya skrini, hapana.

Napata kosa la cheti. Niongeze `--no-check-certificate`?

Usiongeze. Andika `date` kwanza. Kwenye kompyuta za mtumba betri ndogo ya ubao mama huwa imekufa, saa inarudi miaka kadhaa nyuma kila ukizima, na cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kosa litaondoka. Kama tarehe iko sawa na umesakinisha mfumo mdogo kabisa, huenda pakeji ya `ca-certificates` haipo.

Niko nyuma ya proksi ya chuo (seva ya kati ambayo intaneti yote inapitia).

`export https_proxy=http://anwani:bandari`, na `http_proxy` hivyohivyo. Tumia herufi ndogo. Curl inapuuza HTTP_PROXY ya herufi kubwa kwa makusudi.

Kompyuta yangu ya nyumbani haina intaneti kabisa. Nitasakinishaje programu?

Kwa flashi, na hapa wget inang'aa. Kwenye Debian au Ubuntu ya nyumbani, iulize apt (programu inayosakinisha pakeji) inahitaji nini bila kupakua chochote:

`apt-get --print-uris -qq -y install gimp | cut -d"'" -f2 > orodha.txt`

Faili la `orodha.txt` linakuwa na viungo vya pakeji zote zinazohitajika, pamoja na zile ambazo usingezikumbuka. Lipeleke kwenye flashi mahali penye mtandao, maktaba au kwa jamaa, na huko andika `wget -c -i orodha.txt`. Kompyuta ya huko si lazima iwe na mfumo kama wako. Orodha ilishatengenezwa kwa ajili ya mashine yako. Rudi nyumbani, ingia kwenye folda hiyo:

`sudo apt install ./*.deb`

Orodha ya apt ya nyumbani ikiwa ya miezi mingi nyuma, baadhi ya viungo vitajibu 404 kwa sababu matoleo yamebadilika. Kwa mashine isiyogusa mtandao mwaka mzima, anza na DVD badala ya kuhangaika na viungo vilivyokufa.

Nataka tovuti nzima ya mafunzo niisomeshe shuleni bila intaneti.

`wget --mirror --convert-links --page-requisites --no-parent --wait=2 KIUNGO`

Curl haifanyi hili. `--no-parent` usiisahau, maana bila hiyo wget inapanda juu ya folda uliyotaka na kuanza kukusanya nyumba nzima. Kwa video za YouTube tafuta yt-dlp. Hizi tatu hazihusiki.

Nimeweka Fedora, na wget inaonekana tofauti.

Tangu Fedora 40 ya mwaka 2024, amri ya `wget` huko ni Wget2 kwa ndani. Amri nyingi za hapa zinafanya kazi vilevile, lakini Wget2 haiongei FTP, ile njia ya zamani ya kuhamisha mafaili.

Na kwenye BSD?

BSD ni familia nyingine ya mifumo, jamaa wa Linux. FreeBSD inakuja na `fetch` tayari. `fetch -ar KIUNGO` inaendelea pale ilipoishia na kujaribu tena yenyewe. Kwenye OpenBSD, kinachopakua HTTPS kinaitwa `ftp`, usicheke, na kuendelea ni `ftp -C KIUNGO`. Alpine, ambayo ni Linux na si BSD, nayo ina amri ya `wget`, ila ni ya BusyBox, mkusanyiko wa amri zilizopunguzwa: `-c` ipo, lakini chaguo nyingi ndefu za ukurasa huu itazikataa mpaka uongeze wget kamili kwa `apk add wget`.